Sura ya Tano: Tahasusi Mpakani

Mtoto wa Rusizi, wilaya ya mpakani nchini Rwanda, huchagua masomo ya mtihani wake wa mwisho miaka mitatu kabla ya kuufanya. Yuko S3, yaani mwaka wa tatu wa sekondari, ana umri wa miaka kumi na mitano hivi, na anaulizwa akifika S4 aingie mkondo gani. Atakachojaza ndicho atakachotahiniwa S6. Matokeo hayo ya S6 ndiyo chuo kikuu kitayasoma, na wanaopanga mikopo ya wanafunzi nao watayasoma, pengine na mwajiri wa kwanza pia.

Kwa miaka mingi chaguo lenyewe, yaani tahasusi, liliandikwa kwa herufi tatu. PCM ilikuwa fizikia, kemia na hisabati. PCB ikaweka baiolojia mahali pa hisabati. MCB ikaacha fizikia. Kulikuwa na MPC yenye kompyuta, MPG na MEG zenye jiografia, MCE, HEG, HGL ya historia, jiografia na fasihi, na nyingine za lugha. Mtoto alirudi nyumbani mjini Kamembe akasema, "Mama, nimechagua MPG." Mama, ambaye tangu alfajiri alikuwa kwenye daraja la Rusizi ya Kwanza na beseni la nyanya za kuvusha Bukavu, upande wa Kongo, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, hiyo inatoa daktari?" Haitoi. Basi ugomvi ukaanza.

Swali la mama huyo watu hulicheka, lakini lina historia. Mzazi aliyesoma huku, enzi za mkoa wa Cyangugu, katika miaka ya 1980 hakuchagua tahasusi, alipangiwa. Baada ya mageuzi ya elimu ya mwishoni mwa miaka ya 1970, shule ya msingi ilikuwa ya miaka minane, na waliobahatika kuvuka waliingia sekondari moja kwa moja kwenye mchepuo maalumu: huyu ualimu, huyu sayansi, yule uhasibu. Juu ya hayo kulikuwa na iringaniza, yaani mgawo wa nafasi kwa kabila na kwa mkoa, ambao uliwafungia mlango watoto wengi wenye alama nzuri kwa sababu tu ya walikozaliwa na walivyoandikwa katika kitambulisho cha baba. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Jina la mtoto lilisomwa au halikusomwa, na likisomwa lilikuja na mchepuo wake. Hapakuwa na wa kubishana naye.

Mzazi aliyelelewa hivyo hawezi kuamka siku moja akajua namna ya kumshauri mtu mwenye hiari. Tena yeye alisoma kwa Kifaransa. Mwezi Oktoba 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na mwaka uliofuata madarasa yakageuka. Leo baba anaweza kuwa amehitimu sekondari na bado karatasi ya kemia ya mwanawe asiielewe, kwa sababu ya lugha iliyoandikiwa. Kinachobaki kwake ni kuuliza hizo herufi zinatoa nini mwishoni. Mimi sioni kosa katika swali hilo. Kosa liko kwenye jibu analopewa, kwamba kuna tahasusi za wenye akili na tahasusi za waliobaki.

Jibu hilo limeharibu watoto wengi kuliko mtihani wenyewe. PCB na PCM zilikaa juu kama viti vya mbele kanisani, HGL na lugha nyuma karibu na mlango. Mwanafunzi mwenye alama kubwa aliyependa historia alionekana amepotea. Aliyeshindwa fizikia tangu S1 alisukumwa PCB kwa sababu shangazi yake ni muuguzi katika hospitali ya Gihundwe na familia inataka wa pili. Miaka mitatu baadaye anatoka na alama zisizomfikisha kwenye uuguzi wala mahali pengine, huku somo ambalo angelifaulu hakulifanyia mtihani kabisa.

Kabla hatujafika kwenye hiari, tukubali kwanza kwamba hiari yenyewe ni ndogo. Wilaya ya Rusizi ina sekta 18. Chini kuna bonde la Bugarama lenye mpunga na joto. Juu kuna Bweyeye, nyuma ya msitu wa Nyungwe, jirani na Burundi. Na ziwani Kivu kuna kisiwa cha Nkombo, ambako nyumbani huzungumzwa Kihavu. Tangu elimu ya msingi ya miaka tisa ianze mwaka 2009, kisha ikafanywa ya miaka kumi na miwili mwaka 2012, shule za kutwa zimesogea karibu na vijiji, na hilo ni jambo kubwa. Ila shule ya kutwa hufundisha masomo iliyo na walimu wake. Mtoto wa Nkombo haanzi kwa kujiuliza fizikia au historia. Anaanza kwa kujiuliza kama alama zitampa nafasi ya bweni ng'ambo, kama nyumbani wataweza karo na godoro, na kama sivyo, shule iliyo karibu ina nini. Akikuta ina mikondo miwili, ameshachaguliwa nusu nzima ya maisha yake na mtu aliyepanga walimu.

Ndiyo maana mabadiliko ya mwaka 2025 yanastahili kutazamwa kwa makini, tena yakitazamwa kutoka wilayani badala ya Kigali. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2025/2026, wanaoingia S4 katika elimu ya jumla hawapangwi tena kwa herufi tatu. Zimebaki njia tatu: hisabati na sayansi, sanaa na sayansi za jamii, na lugha. Njia ya hisabati na sayansi ina mikondo miwili. Wa kwanza unaunganisha hisabati, fizikia, kemia na baiolojia. Wa pili unashika hisabati pia, lakini unaelekea upande wa uchumi na jiografia.

Tanzania imekwenda upande mwingine kabisa. Mwaka 2024 serikali yake ilitangaza tahasusi 65 za kidato cha tano, 49 kati yake zikiwa mpya, zikiwemo zenye muziki, michezo, Kiarabu, Kifaransa na Kichina. Ukisoma orodha ile unafurahi. Inaonekana kila mtoto amepata kiatu cha mguu wake. Kenya nayo imechukua njia tatu kama Rwanda, na wanafunzi wa kwanza wa darasa la kumi chini ya mtaala mpya waliingia Januari 2026, huku kila njia ikiwa na matawi mengi ya masomo ndani yake.

Ipi bora? Kwa mtoto wa Masaki au Upanga, jijini Dar es Salaam, huenda orodha ndefu ni bora. Kwa mtoto wa Bweyeye nachagua njia tatu bila kusita. Tahasusi iliyo kwenye waraka wa wizara na haipo kwenye shule yoyote unayoweza kuifikia ni wino tu. Shule ndogo yenye mwalimu mmoja wa fizikia haiwezi kugawa wanafunzi wake mafungu sita. Inaweza kuwaweka pamoja na kuwafundisha vizuri. Na mtoto aliyebadili nia akiwa S5, kama wanavyobadili wengi, hajikuti amekosa somo moja lililohitajika.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu somo hilo moja karibu kila mara lilikuwa hisabati.

Chini ya mfumo wa zamani, aliyeingia PCB alibaki na hisabati ya pembeni, somo la nyongeza lisilobeba uzito wa masomo makuu matatu. Kwa miaka mitatu alijiona mwanasayansi kamili. Akimaliza S6 akagundua kwamba damu inamtisha na kinachomvutia ni uhandisi wa umeme, alikuta mlango umefungwa nyuma yake tangu S4. Na uhandisi si jambo la mbali kwa mtu wa huku. Maji yanayotoka Kivu huzungusha mitambo ya Rusizi ya Kwanza, iliyojengwa mwaka 1958, na ya Rusizi ya Pili, iliyoanza kazi mwaka 1989 chini ya SINELAC, kampuni ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo. Nyaya zake hupita Mururu juu ya paa za watu. Kijana anayepita chini ya nyaya hizo kila siku kwenda shule, kisha akaacha hisabati kwa sababu PCB ina heshima zaidi mtaani, hakushauriwa na mtu.

Bugarama ni hivyo hivyo. Kiwanda cha saruji cha CIMERWA kiko Muganza tangu miaka ya 1980, na mtambo wake mpya uliozinduliwa mwaka 2015 ulijengwa kwa uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka. Saruji ni kemia: mawe ya chokaa na udongo vinachomwa kwa joto kali mpaka vibadilike, na mtu lazima apime kila saa kama mchanganyiko uko sawa. Kupima huko ni hesabu. Sisemi kwamba kiwanda kitaajiri kila mwenye kemia wilayani. Kiwanda kimoja hakimalizi ukosefu wa kazi, na anayemwahidi mtoto hivyo anamdanganya. Ninachosema ni kwamba kazi za kipimo, mashine, umeme, benki, kompyuta na hata afya ya jamii zote hupitia mlango wa hisabati, na anayeuacha wazi ana pa kugeukia mambo yakibadilika.

Uganda wana utaratibu unaolionyesha hilo kwa namba. Huko kila kozi ya chuo kikuu imepangiwa masomo ya lazima, yanayohusiana na yanayofaa tu. Alama za kundi la kwanza huzidishwa kwa tatu, la pili kwa mbili, la tatu kwa moja. Wanafunzi wawili wenye alama zile zile wanaweza kutofautiana sana wakiomba kozi moja, kwa sababu masomo yao hayana uzito sawa mbele ya kozi hiyo. Rwanda haitumii hesabu hiyo. Hata hivyo ningependa kila mwalimu wa S3 aichore ubaoni mara moja, ili mtoto aone kwa macho yake kwamba alama kubwa katika somo lisilotakiwa haimfikishi anakotaka.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye shaka ni mfupi: ukiwa hujui unataka nini, baki na hisabati mpaka utakapojua. Ukiwa unajua, na unachokijua ni historia au fasihi, na alama zako zinasema hivyo hivyo, nenda huko mchana kweupe, wala usiombe radhi kwa shangazi.

Sasa Kiswahili, ambacho katika wilaya hii kina kisa chake peke yake.

Hakuna sehemu nyingi za Rwanda ambako mtoto hukisikia kila siku bila kukitafuta. Kamembe ni moja, Bugarama ni nyingine. Wachuuzi wa pande zote mbili za mto huafikiana bei kwa Kiswahili, dereva wa lori humuuliza mwenzake foleni kwa Kiswahili, na ukisimama karibu na daraja nusu saa utakisikia kimechanganyika na Kinyarwanda, Mashi na Kifaransa kwa namna ambayo mtaalamu wa lugha angelipia kuisikiliza. Lakini kwa muda mrefu nchini Rwanda lugha hii ilichukuliwa kuwa ya sokoni, ya askari na ya waswahili wa mijini, isiyo na uzito wa ofisini. Dhana hiyo imechelewa kufa. Mwezi Februari 2017 Bunge lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga Julai 7 kuwa siku yake duniani. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha yake ya kazi, na mwaka huo huo Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo daraja la Rusizi likawa mpaka wa ndani wa Jumuiya. Mpaka wenyewe hufungwa na kufunguliwa kwa mambo ya vita na siasa ambayo mwanafunzi hayawezi, lakini lugha haihitaji hati ya kusafiria.

Basi mtoto wa Kamembe anaitazama njia ya lugha na kusema: hii ni yangu, Kiswahili nakijua. Hapo ndipo namsimamisha. Kiswahili anachokijua ni cha Bukavu na cha sokoni, chenye "batoto" na "niko nakwenda", na ni Kiswahili halali kwa kazi yake. Mtihani wa taifa hauulizi hicho. Unataka upatanisho wa ngeli, insha yenye muundo, ushairi, fasihi simulizi, na ufahamu wa matini ambazo hazikuandikwa Kivu. Mwanafunzi wa mbali, wa Nyagatare au Huye, ambaye hakukisikia utotoni, lakini akakisoma sarufi kwa bidii tangu S1, humpita mtoto wa mpakani kwa mbali. Ufasaha wa mdomoni humfanya huyu wa mpakani asifungue kitabu. Nimewasikia walimu wa Kiswahili wakisema wanafunzi wagumu zaidi kufundisha ngeli ni wale wanaoongea haraka kuliko mwalimu.

Hata hivyo huyu huyu, akikubali kuketi chini na kujifunza, ana kitu ambacho wa Huye atakihangaikia miaka mingi: sikio. Ongeza Kinyarwanda cha nyumbani, Kiingereza cha darasani, na Kifaransa anachokutana nacho kwa jirani wa ng'ambo, na umepata mtu wa lugha nne katika wilaya inayopakana na nchi mbili. Ukalimani, ushuru na forodha, utalii wa Nyungwe, redio, mashirika ya misaada, ualimu wa lugha: haya ni maisha ya kweli. Njia ya lugha kwa mtoto wa Rusizi si jalala la walioshindwa sayansi. Ni mojawapo ya mahali pachache ambapo kuzaliwa pembezoni mwa nchi kunampa faida juu ya mtoto wa mji mkuu. Nasikitika kwamba wengi wanaoingia huko huingia kwa kushindwa, hivyo wanakaa kama watu walioshindwa.

Na anayekwenda sayansi? Huyo katika S4 anakiacha Kiswahili kama somo la mtihani. Haimaanishi akiache maishani. Daktari wa hospitali ya Gihundwe au ya Mibirizi atapokea wagonjwa waliovuka mto, na hapo hataulizwa alipata alama ngapi.

Nimetaja ualimu, na Rusizi ina chuo chake cha walimu, TTC Mururu. Zamani kidogo mtoto mwenye alama nzuri akitaja Mururu nyumba nzima ilinyamaza. Mshahara wa mwalimu wa msingi ulikuwa wa kuchekwa. Agosti 2022 serikali ilipandisha mishahara ya walimu: asilimia 88 kwa wenye stashahada ya sekondari, ambao ndio wengi katika shule za msingi, na asilimia 40 kwa wenye elimu ya juu zaidi. Haukuwa utajiri, lakini chaguo lilianza kujadiliwa mezani badala ya kuzikwa. Ndani ya vyuo hivi kuna matawi pia: elimu ya awali na madarasa ya chini, hisabati na sayansi, lugha, na masomo ya jamii. Anayependa kufundisha na asiye na hakika ya karo ya chuo kikuu anatoka na kazi mkononi baada ya miaka mitatu, na bado anaweza kuendelea na masomo baadaye.

Elimu ya ufundi ni hivyo hivyo, na haihitaji maneno mengi. Serikali ililenga kufikia mwaka 2024 asilimia 60 ya wanaomaliza sekondari ya chini waende huko. Ufundi umeme, ujenzi na mabomba ni kazi zinazoonekana Kamembe kila ghorofa linapoinuka. Jambo la kuangalia ni moja: karakana ina vifaa, au mtoto atasoma kuchomelea kwa kuchora ubaoni?

Ng'ambo ya mto, Bukavu, watoto wa rika lile lile wanachagua pia, kwa majina mengine: baiolojia na kemia, hisabati na fizikia, ualimu, biashara, Kilatini na falsafa. Wanaishia kwenye Mtihani wa Taifa wa Kongo, na matokeo yake hutajwa kwa asilimia mtaani kama matokeo ya mpira. Chuo cha Alfajiri cha Wajesuiti kimewalea wengi wa vizazi hivyo. Familia za mpakani hulinganisha pande mbili, na kabla ya vita na siasa kuharibu mambo mpakani watoto wengi walivuka kila asubuhi kwenda shule upande usio wao. Kwa mzazi anayemhamisha mtoto katikati ya njia nina onyo moja tu: tahasusi hazihamishiki kwa urahisi kama madaftari. Mtoto aliyeanza mchepuo wa biashara Bukavu kwa Kifaransa, akaletwa S5 Kamembe kwa Kiingereza, anaanza masomo mapya na lugha mpya kwa wakati mmoja, na mtihani hautamsubiri. Ahamishwe mwanzoni mwa S4 au asihamishwe.

Mzazi wa Rusizi, kabla chaguo halijajazwa, funga kibanda asubuhi moja uende kwenye shule mtoto anayoitaka. Uliza nani anafundisha fizikia na yuko hapo tangu lini. Omba uonyeshwe maabara, kisha uliza mara ya mwisho wanafunzi waliitumia lini. Uliza waliomaliza S6 mwaka jana katika njia hiyo wamekwenda kusoma nini. Ukipata majibu, rudi nyumbani umweleze mwanao yote uliyoyasikia, pamoja na yale usiyoyapenda, kisha mwachie ajaze mwenyewe.